MICHE YA MICHUNGWA ILELEWE NDANI YA WAVU



Siku zote tumejiambia kuwa ugonjwa wa ukijani wa michungwa ni wa watu wa milimani. Na kweli, yule mdudu wa Kiafrika anayeueneza hapendi joto. Lakini mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa mdudu mwingine, wa kutoka Asia, amekutwa Morogoro. Huyu joto halimsumbui. Basi jua la Mazingara siyo kinga tena.

Ni mdudu mdogo, urefu milimita 3 au 4, hukaa kwenye machipukizi akiwa ameinua mkia. Akifyonza mti mgonjwa kisha akahamia mzima, ameuambukiza. Majani hupata mabaka ya njano, machungwa hudumaa, huota upande, hubaki ya kijani na machungu. Dawa ya kuuponya mti hakuna. Kule Florida, Marekani, ugonjwa ulionekana mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 walivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2022/23 hayakufika milioni 20. Vimbunga navyo vilichangia.

Wako wanaosema tupige dawa, yatosha. Hivi, jirani asipopiga itakuwaje? Mdudu hajui mpaka wa shamba.

Wenzetu wa Florida wengine hufunika shamba zima kwa wavu. Sisi hatuna uwezo huo. Lakini kitalu kimoja tunakiweza. Tunapendekeza Ushirika ujenge kibanda cha wavu wenye matundu 50 kwa kila inchi, milango miwili, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Wavu ukichanika, ushonwe siku hiyo hiyo.

Tusisahau: ugonjwa husafiri pia kwa kubebesha. Vikonyo vikikatwa kwenye mti mgonjwa, wavu utakuwa unalinda maradhi. Bwana Shamba akague kwanza miti ya kukatia.

Mche ukishapandwa shambani bado mdudu anaweza kuufikia, hivyo ukaguzi uendelee. Ila utakuwa umeanza mzima. Mche wa barabarani, usiojulikana umetoka wapi, ni rahisi leo, lakini utaulea miaka mitatu ukingoja chungwa, upate chungu, na jirani umemwambukiza.

Fedha za miche zianze na wavu. Tulijadili hili mkutano ujao, tena tuamue. Usipoziba ufa utajenga ukuta.