Tusihesabu redio tu, tuwasikilize wanaozisikiliza

KILA linapozuka jambo zito katika mpaka wetu wa Mpondwe, liwe ugonjwa au vurugu, lawama ya kwanza huangukia vyombo vya habari. Wakubwa husema redio imechochea, au redio haikuelimisha wananchi. Ni mara chache mtu kufika Bwera, Kasese au huku kwetu Kabatoro akamwuliza msikilizaji mwenyewe: habari hiyo uliisikia wapi, ulimwuliza nani kama ni ya kweli, na baada ya hapo ulifanya nini?

Maswali hayo matatu ndiyo roho ya utafiti unaoitwa mahojiano ya kina. Mtafiti wa aina hii haji na fomu ya ndiyo na hapana. Huja na maswali machache ya kuongoza mazungumzo, akaketi, akamwacha mtu aeleze kwa lugha yake. Haitafuti idadi kubwa ya watu. Huchagua wanaotofautiana, mchuuzi na mvuvi, mama na kijana, na huendelea mpaka aone kwamba mahojiano mapya hayamwongezei jambo.

Tuchukue mfano wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 1, 2018 uliendelea hadi Juni 25, 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Juni 11, 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha ugonjwa huo kwa mtoto aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo na kulazwa Bwera.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Septemba 2018, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo hivi walisema Ebola haipo, na waliokuwa na imani na viongozi wa mahali hapo hawakufika theluthi moja. Takwimu hizo ni za thamani kubwa, maana zinatuonyesha ukubwa wa tatizo. Lakini mtu akishasema kwamba ugonjwa haupo, fomu inaishia hapo. Mahojiano ya kina ndiyo kwanza yanaanza.

Ukimwacha mtu wa Beni aeleze, atakurudisha Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kushamiri kwao. Atauliza kwa nini magari na fedha vilifika upesi kwa ajili ya ugonjwa, wakati kwa ajili ya mapanga walisubiri miaka. Atakumbusha kuwa Desemba 30, 2018 Wakongo wengine walimpigia kura rais, huku Beni na Butembo wakiahirishiwa hadi Machi 2019, na Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu. Hapo utatambua kwamba shaka yake ilikuwa juu ya serikali kuliko juu ya kirusi. Tangazo la redio, hata lirudiwe mara kumi kwa siku, halitibu shaka ya namna hiyo.

Jirani zetu wa Rwanda wanatupa funzo gumu zaidi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 ilitaja watu wa kuuawa. Desemba 3, 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kuianzisha. Wengi wakahitimisha kwamba redio ndiyo iliyowashikisha watu mapanga.

Msomi wa Marekani, Scott Straus, aliingia magerezani mwaka 2002 na kuwahoji wafungwa 210 waliokuwa wamekiri kushiriki. Wengi walieleza kuwa walivutwa na watu waliowafahamu: kiongozi wa kijiji, kundi la majirani lililopita nyumba kwa nyumba, na hofu ya kuadhibiwa kama wangekataa. Redio ilikuwa na nafasi yake, lakini mtu alipitiwa mlangoni kwake.

Hata hivyo, mfungwa anaweza kuwa na sababu ya kuwatupia wengine mzigo. Mwaka 2014 mchumi David Yanagizawa-Drott alichapisha hesabu zilizolinganisha vijiji vilivyoipata RTLM vizuri na vile visivyoipata, akakadiria kuwa takribani asilimia 10 ya ushiriki ilitokana na matangazo yale. Takwimu na mahojiano ni macho mawili, na mwenye akili hafumbi moja.

Sisi tuliorudi kutoka ugenini hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Mimi nilisoma uhamishoni. Habari za nyumbani tulizipata redioni, lakini wazee hawakufunga mizigo mpaka msafiri aliyevuka aziseme kwa kinywa chake. Leo ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafika kabla ya msafiri, lakini swali ni lile lile: ametuma nani, na je, tunamjua?

Mahojiano nayo yana masharti. Kasese ni mahali ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa katika siku mbili tu, Novemba 26 na 27, 2016, hadi jumba la mfalme wa Rwenzururu lilipovamiwa. Mgeni mwenye kinasa sauti akiuliza habari za siasa, atajibiwa kwa adabu na ataondoka mikono mitupu. Akija na mkalimani aliyetumwa na ofisi ya serikali, atasikia yale ambayo ofisi hiyo inapenda kusikia. Na akimhoji mwenye redio peke yake, atamkosa mkewe anayepata habari kisimani na sokoni.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jambo hili linagusa mfuko. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa abiria kwa sababu ya Korona, wachuuzi wadogo ndio walioumia kwanza. Samaki wa Ziwa Edward hangoji, na chumvi ya Katwe isiyovuka ni mtaji uliolala. Uvumi mmoja usiochunguzwa unaweza kuturudisha huko.

Kwa hiyo Wizara ya Afya, wilaya na Tume ya Mawasiliano, kabla ya kufunga kituo cha redio au kuongeza matangazo, watume watu wanaojua Lukonzo na Kiswahili wakae na wasikilizaji. Nasi tusiwakimbie watafiti wala tusiwajibu kama mashahidi wa kukodiwa. Akifika kibandani kwako, mwulize anatumwa na nani, jina lako litafichwa vipi, na majibu yatarudi kwetu lini. Asiyeweza kujibu hayo matatu, mwuzie chumvi tu aende zake.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu anayeishi Kabatoro, wilaya ya Kasese.