Kuunga Vitu vya Kale vya Seluloidi

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani vingali vikitunzwa vitana, vipini vya vioo na wanasesere wa seluloidi walioachwa na mabibi. Kimoja kikivunjika, mwenyewe aghalabu hukimbilia gundi yo yote iliyo karibu. Haraka hiyo yaweza kukiharibu kitu, na yaweza pia kuiunguza nyumba.

Seluloidi ni miongoni mwa plastiki za kwanza kabisa. John Wesley Hyatt wa Marekani aliitengeneza karibu na mwaka 1870, akitafuta kitu cha kushika nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi. Baadaye iliiga hata gamba la ng'amba, bidhaa ya tangu kale katika pwani yetu. Mwaka 1896 kiwanda kimoja cha Mannheim, Ujerumani, kilianza kutengeneza wanasesere wa seluloidi wenye chapa ya kobe. Asili yake ni nyuzi za pamba zilizotiwa tindikali, kisha zikachanganywa na kafuri. Pamba ya namna hiyo ni jamaa ya baruti, nayo hushika moto upesi mno.

Kwanza, kitambue kitu chako. Kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate joto, kisha ukinuse. Seluloidi hutoa harufu ya kafuri. Usikijaribu kamwe kwa sindano ya moto.

Pili, kikague. Kikiwa kinatoka jasho, kimejaa nyufa zinazopishana kama wavu, au kinatoa harufu kali ya tindikali, kinaoza, na hakuna gundi itakayokiponya. Kitenge mara moja, kwani mvuke wake hula chuma na huviambukiza vitu vya jirani.

Kikiwa kizima, hapana budi kujua kwamba seluloidi huungwa kwa kuyeyushwa. Kiyeyushi chake ni asetoni, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha. Lakini iliyo safi ndiyo ifaayo, maana nyingine zina mafuta. Fungua madirisha, zima jiko na taa za moto, waondoe watoto, wala mtu asivute sigara. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, ulinganishe vipande kabla ya kuviunga, kisha ujaribu tone moja mahali pasipoonekana. Kwa brashi nyembamba, pakaa asetoni kidogo sana kwenye kingo zote mbili, uzikutanishe na kuzishikilia mpaka zishikamane. Ikichuruzika, usiifute, kwa sababu uso uliolainika utachafuka; iache ikauke yenyewe. Kipumzishe kitu hicho siku nzima kabla ya kukigusa tena. Asetoni ikizidi, kitapinda na kupoteza mng'ao, na hasara hiyo hairekebishiki.

Mwisho, usikifungie ndani ya mfuko wa plastiki wala sanduku lisilopitisha hewa. Kizungushie karatasi laini, ukiweke mahali pa baridi, pakavu, pasipo jua.

Ikiwa bado una shaka, kiache kikiwa na ufa wake. Mwanasesere mwenye mkono uliovunjika bado ni ukumbusho wa bibi. Aliyeyeyuka uso hatambulikani tena.