Daftari la Pango la Noeli

Siku ya kupanga pango la Noeli watoto wote hukimbilia kanisani. Huyu anashika malaika, yule anambeba ng'ombe, mwingine analeta makuti, mwingine majani makavu. Hakuna anayeitwa mara mbili. Lakini siku ya kupangua, baada ya sikukuu, wanakuja wangapi? Wawili au watatu, na hao wana haraka. Sanamu zinatiwa sandukuni kama mihogo katika kikapu, kifuniko kinafungwa, basi. Ndiyo siku hiyo vitu vya pango hupotea, wala si siku ya Noeli.

Sikilizeni yaliyotokea katika misioni moja. Mwezi wa Desemba sanduku lilifunguliwa. Maria alikuwamo, Yosefu alikuwamo, wachungaji walikuwamo, lakini wafalme walikuwa wawili tu. Watu wakaulizana: Nani alifunga sanduku mwaka jana? Hakuna aliyekumbuka. Sanamu zote zilikuwa ngapi? Mmoja akasema ishirini, mwingine ishirini na tatu. Halafu macho yakamgeukia mtoto mmoja, kwa sababu alizoea kufagia sakristia, na kwa sababu wazazi wake walikuwa maskini. Hakuna aliyemwita mwizi mbele ya uso wake. Alipopita walinyamaza tu. Juma zima hakuja shuleni.

Mfalme wa tatu alionekana siku za Kwaresima. Alikuwa ndani ya sanduku la vitambaa vya zambarau, amefungwa vizuri. Mtu fulani alimweka pale kwa nia njema, akasahau. Sanamu imerudi mahali pake. Lakini yule mtoto, nani atamrudishia juma lake?

Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli, lakini pamoja na mali jina jema la mtu hupotea pia, na jina jema haliuzwi dukani. Kwa hiyo anayeandika vitu vya pango hafanyi ubahili. Anamlinda mwenzake.

Tena kutunza vitu vya Noeli si desturi ya jana. Mwaka wa 1223, kule Greccio katika nchi ya Italia, Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani, akaleta ng'ombe na punda walio hai. Toma wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba hata majani yale yaliwekwa baada ya sikukuu, wakapewa wanyama wagonjwa. Katika Roma, ndani ya kanisa kubwa la Bikira Maria, ziko sanamu za mawe za pango alizochonga Arnolfo di Cambio karibu na mwaka wa 1291. Na katika mji wa Napoli mtu mmoja, jina lake Michele Cuciniello, alikusanya mamia ya sanamu za pango: watu, malaika, wanyama, hata vyakula vidogo vya kuchezea macho. Mwaka wa 1879 mkusanyo wake uliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya San Martino, nao uko huko hata leo. Fikirini: kitu kidogo kama kidole kingekaaje miaka yote hiyo kama hakuna mtu wa kukihesabu?

Watunzaji wa makumbusho hukipa kila kitu namba yake, na namba ile ile huandikwa katika kitabu. Hawaikwaruzi kwa kisu. Hupaka vanishi kidogo mahali pasipoonekana, huandika juu yake, ili namba iweze kuondolewa bila kuharibu kitu. Shuleni kalamu ya risasi inatosha, chini ya kitako cha sanamu, mahali pasipo na rangi. Kama kitako ni kidogo mno, kipande cha karatasi ngumu kifungwe kwa uzi.

Daftari lenyewe ni rahisi. Ukurasa upigwe mistari: namba, jina la kitu, hali yake, sanduku lake. Chini yake tarehe, na majina ya watoto wawili waliohesabu. Wawili, si mmoja, maana mmoja husoma na mwingine hushika kitu mkononi. Kuhesabu kwa macho tu, kutoka mbali, si kuhesabu.

Sehemu ya hali ndiyo ngumu kuliko zote, na hapa wakubwa nao wasikilize. Mtoto aliyevunja sikio la punda ataandika ukweli ikiwa anajua hatapigwa. Akiogopa fimbo, ataficha sikio katika majani, ataandika «nzima», na tangu siku hiyo daftari linasema uongo. Afadhali mwalimu asiwe na daftari kuliko kuwa na daftari la hofu.

Wengine watasema: Hiyo ni kazi ya mtunza sakristia. Huyo ni mtu mmoja, naye ana kazi za mwaka mzima. Tena akihamia mahali pengine, anaondoka na hesabu yote kichwani mwake. Pango ni la parokia nzima. Watoto walioingia mbio siku ya kupanga waingie pia siku ya kupangua.

Katika Katanga siku hiyo huangukia katikati ya mvua. Sanamu za plasta zisioshwe kamwe, kwa maana plasta ni unga mweupe uliogandishwa, na maji huulainisha. Zifutwe vumbi kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Kila moja ifungwe peke yake katika kitambaa cha zamani, si katika gazeti, kwa sababu wino wa gazeti hushika rangi ya uso. Nzito chini, nyepesi juu. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Liwekwe juu ya matofali, mtu aweze kuona kama mchwa wanapanda. Majani makavu yasirudi ndani. Yatupwe, maana ndimo mende na panya hufanya nyumba.

Na minyororo ya karatasi? Watoto wengine hutaka kuiweka nayo. Si lazima. Karatasi iliyolala mwaka mzima hupauka, tena kukata mpya ni nusu ya furaha ya Noeli. Katika daftari iandikwe tu ni karatasi ngapi zilitumika, na rangi gani, ili mwaka ujao isinunuliwe kupita kiasi.

Siku hizi majira ya Noeli katika Kanisa hukoma kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi wa Januari. Siku inayofuata yafaa iwe siku ya daftari. Hapo ukurasa mmoja waweza kusomeka hivi: «Namba 14. Kondoo. Mguu wa nyuma umevunjika siku ya kupanga, kipande kimo ndani ya kitambaa. Sanduku la pili.» Na mwezi wa Desemba, sanduku likifunguliwa, watoto watajua pa kumtafuta kondoo huyo. Watamgandisha mguu kwa gundi, au watamlaza karibu na hori, mguu wake ndani ya majani.