Bei ya Chumba Wakati wa Masika

Baada ya Pasaka, wanne kati yetu tulivuka na boti kwenda Unguja kwa mapumziko ya siku tatu. Tuseme ukweli: tulichagua mwezi wa nne kwa sababu ya mifuko yetu. Masika yakishika, wageni wa Ulaya hupungua, na Paje, ambako mwezi wa nane watu hugombea vyumba, inabaki ya wenyeji. Vijana wa hotelini huuita wakati huo losizini.

Tulipenda tulichokikuta. Maji yakipwa, bahari inarudi nyuma mbali kabisa kuelekea kwenye mwamba, na kina mama wanaingia na kamba na vigingi vyao vya mwani. Mvua inapiga, inakatika, jua linawaka tena kama hakuna kilichotokea. Anayetaabika ni mwenye mwani wa kuanika. Maji ni ya vuguvugu hata mvua ikinyesha. Tulisali Masifu ya Asubuhi mchangani na hakuna aliyetushangaa, isipokuwa ng'ombe mmoja.

Hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Kwenye mojawapo tulimkuta kijana Mkatoliki kutoka bara, mhudumu wa mezani, akifyeka majani ili apate pa kulala. Mshahara ulikuwa umesimama. "Mpaka mwezi wa sita, mafrateri," alisema. Nyumbani hakurudi, kwani nauli ya kwenda na kurudi ingekula akiba yote.

Sasa jambo letu. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alitutajia shilingi 50,000 kwa chumba, bei ambayo tayari alikuwa ameipunguza kwa ajili ya mvua. Tukamshikilia. Tukamwambia sisi ni wanafunzi, tukamwonyesha na nyumba ya jirani. Tukatoka na 25,000. "Haya wanangu, bora hicho kuliko chumba kulala kitupu," akasema. Usiku ule tulicheka, tukajiona wajanja.

Wapo watakaosema biashara ni mapatano, na yeye alikubali kwa hiari. Hoja hiyo tumeisoma darasani, na tumesoma pia jibu lake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapojadili kuuza na kununua, anafundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa ya kitu kile. Shida ile ni ya mnunuzi. Muuzaji hawezi kuuza kisicho chake. Tukiigeuza hoja hiyo, inatushika sisi: chumba chenye thamani ya 50,000 kwa hesabu ya mwenyewe tulikilipia nusu, na nusu iliyobaki ikalipwa na shida yake. Naye Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikataa kwamba ujira ni wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali.

Hatusemi bei ya masika iwe sawa na ya kiangazi. Bahari inachafuka, umeme unakatika, godoro linanuka unyevu. Punguzo la mwenyewe ni halali, na kupatana bei ni desturi yetu. Kosa linaanza pale tunapoendelea kukamua huku tukijua hana mteja mwingine.

Kwaya, vijana na WAWATA wa parokia zetu, mnaopanga safari kila mwaka mwezi wa kumi na mbili, nendeni mwezi wa nne. Mtasali kwa utulivu, na fedha yenu itafika wakati sufuria iko tupu. Ila mkitajiwa bei ya masika, lipeni hiyo.

Sisi tuliporudi tulichanga zile 25,000 za kila chumba tumtumie mama yule kwa simu. Mwenzetu mmoja bado anasisitiza kwamba tunachanganya sadaka na biashara. Tunabishana naye kila baada ya chakula cha jioni. Mchango wake, hata hivyo, ametoa.