Watoto wa Mpakani na Somo la Porini

Mzazi mmoja wa upande wa Amukura ameuletea ukurasa huu swali ambalo hapana shaka limo vinywani mwa wazazi wengi wa Busia na Malaba. Mwanawe ametakiwa na shule alipe fedha za safari ya kwenda Nairobi kuwatazama simba na vifaru. Mzee huyu auliza: je, ni haki auze mahindi yake ili mtoto akaangalie wanyama, na hali tumbili wa kando ya mto huyala mahindi hayo hayo kila mwaka, wala hawalipi kiingilio?

Wako watakaocheka. Lakini mkulima anayehesabu magunia yake ana haki ya kuuliza fedha zake zanunua nini, nasi yatupasa tumjibu kwa heshima.

Kwanza, tusidhani kwamba elimu ya namna hii ni anasa ya juzijuzi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyo ya kwanza katika Kenya, ilifunguliwa mwaka 1946. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari walianzisha vilabu vyao vya wanyamapori, na kutokana navyo kikatokea Chama cha Vilabu vya Wanyamapori cha Kenya, ambacho hata leo kina mabweni ya wanafunzi Nairobi na Nakuru. Shirika la Wanyamapori la Kenya nalo, lililoundwa mwaka 1989, lina maafisa wa elimu ambao kazi yao ni kuwapokea watoto na kuwafundisha. Mwalimu akiandika barua mapema, atapewa mtu wa kuwaongoza wanafunzi wake. Asipoandika, basi litapita getini, litazunguka, litatoka, na watoto watarudi nyumbani wakiwa wamejifunza bei ya soda.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, ndugu wasomaji. Kutoka Malaba hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 400. Siku nzima yaishia barabarani nyuma ya malori ya mizigo, na karo ya safari yote yaliwa na mafuta ya gari. Mtoto ambaye baba yake hana fedha hubaki darasani peke yake na daftari lake. Mimi nasema, kabla ya kwenda huko mbali, waulizeni walimu kama wamepata kusikia habari za Saiwa.

Kinamasi cha Saiwa kiko karibu na Kitale. Kilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, nacho ni kidogo mno, kiasi cha kilometa za mraba 3 tu. Wenye kupenda ukubwa watakidharau. Hakuna simba, wala gari haliingii. Mgeni hutembea kwa miguu yake katika njia za msituni, kisha hupanda majukwaa ya mbao na kunyamaza. Kwa watoto hamsini jambo hilo la kunyamaza ni somo peke yake! Mbuga hii iliwekwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, yaani yule swala akaaye majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hata aweza kukanyaga matope na mafunjo bila kuzama. Akiogopa, hujitosa majini akabakiza pua tu nje ili apumue. Wako pia kima wenye ndevu nyeupe, na korongo wenye taji, ndege yule yule aliye katika bendera ya jirani zetu wa Uganda.

Sasa mzee wa Amukura atauliza, nzohe ananihusu nini? Anatuhusu sana. Nzohe yuko hata katika kinamasi cha Yala, ambacho upande wake mmoja umo katika Busia yetu, kule Bunyala. Tangu miaka ya 1960 sehemu ya kinamasi hicho imekaushwa kwa ajili ya kilimo. Mafunjo ambayo akina mama huyakata kwa kusuka mikeka ndiyo yanayochuja udongo kabla maji hayajafika ziwani, nayo ndiyo mazalio ya samaki. Saiwa nayo imezungukwa pande zote na mashamba. Udongo na mbolea kutoka mashambani huteremkia kinamasini mvua inyeshapo, na mtoto akisimama juu ya jukwaa aweza kuona mnyama, maji na shamba la mahindi kwa mtazamo mmoja. Hayo hawezi kuyaona Nairobi. Mtoto wa mkulima wa Nambale au Funyula akirudi na fahamu hiyo, atamtazama baba yake alimapo hadi ukingoni mwa Mto Sio, naye atakuwa na neno la kusema. Huenda baba asipendezwe nalo.

Kwa shule za upande wa Busia mjini, Kisumu ni karibu zaidi. Hifadhi ya swala pala ya huko, ukingoni mwa ziwa, ilitangazwa mwaka 1992. Na msitu wa Kakamega usisahauliwe, kwa kuwa ni masalio ya misitu mikubwa ya mvua iliyotoka Kongo. Wenyeji wa kando yake, waongozaji wa wageni, walianzisha wenyewe miaka ya 1990 mpango wa kuwafundisha watoto wa shule. Nawasifu kwa hilo, maana hawakungoja kuambiwa na mtu wa ofisini.

Tena sisi wa mpakani tuna mlango ambao wenzetu hawana. Kule Entebbe kiko kituo kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, na mwaka 1994 kikageuzwa kuwa mahali pa elimu. Kutoka Busia hadi Kampala ni kilometa zipatazo 200, pungufu ya nusu ya safari ya Nairobi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018 kimepunguza kungoja, lakini walimu wakumbuke kwamba kila mtoto lazima awe na hati zake za safari. Sisi makarani twayajua madhara ya kuzitafuta asubuhi ya safari yenyewe.

Basi mzee alipe, lakini kwanza amuulize mwalimu watoto watafundishwa nini kabla ya kuondoka, nani atawapokea huko, na wataandika nini wakirudi. Na wale watakaochagua Saiwa wajue kwamba nzohe huonekana mapema alfajiri na tena jua likielekea kuchwa. Kwa kuwa magari ya shule hayaruhusiwi kusafiri usiku, yafaa kulala Kitale, katika shule itakayokubali kuwapa watoto sakafu ya darasa. Mablanketi wachukue kutoka nyumbani, maana baridi ya Kitale si kama ya Malaba.