Tunagawa bila kuhesabu

Mara ya mwisho Kongo kuhesabu watu wake ilikuwa 1984. Tulikuwa bado Zaire, Mobutu yuko kitini, na jumla ikatoka kama milioni 30. Tangu hapo kila tarakimu unayoisikia redioni ni makisio: chukua ile ya 1984, ongeza asilimia kadhaa kila mwaka, songa mbele. Mmoja atakwambia tumefika milioni 100, mwingine 110, na wote wawili ni wasomi. Tofauti yao inakaribia Rwanda nzima, iliyohesabu watu wake 2022 ikapata zaidi kidogo ya milioni 13. Na Rwanda iko hapo tu, ukitoka mtaa wa Birere hapa Goma kwa miguu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ndosho, mtaa mwingine wa Goma, si mtaalamu wa takwimu. Lakini makisio hayo niliyaona yakiingia darasani. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, Septemba 2019, watoto walimiminika. Waliokuwa wakiuza karanga na kusukuma chukudu, baiskeli za mbao za mizigo, wakaja na madaftari. Benchi la watatu likakaliwa na watano. Jambo lenyewe lilikuwa jema, silipingi. Ila wazazi waliacha kutoa primu, ile ada ya mwalimu iliyokuwa ikitulisha, na kote nchini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya Leta, yaani serikali. Utaandikaje bajeti ya walimu ikiwa hujui una watoto wangapi?

Goma ndipo makisio yanapokwama kabisa, maana mji huu haukui kwa uzazi peke yake. Unakuzwa na mizinga. Vita ya waasi wa M23 ilipowaka tena Rutshuru na Masisi, watu walishuka na magodoro vichwani hadi kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Mji hupungua pia: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, maelfu kwa maelfu walikimbilia Sake na Gisenyi. Mapema 2025 M23 wakauteka mji, na muda si mrefu kambi zikavunjwa. Hiyo asilimia ya kila mwaka itayaonaje mambo kama hayo? Bomba la maji lililopangiwa idadi ya zamani ndilo linalotupanga foleni alfajiri, bidoni mkononi.

Wapo wanaofaidika na giza hili. Viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya walioandikishwa kupiga kura, si ya watu wote, na Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Na hapa Kivu ukihesabu watu, kuna atakayekuuliza nani mwenyeji na nani mgeni. Swali hilo, pamoja na la ardhi, lilimwaga damu Masisi 1993. Hofu imebaki. Mtu akibisha hodi na kalamu, jirani yangu huficha wanawe wakubwa akidhani ni mambo ya jeshi. Akisikia ni jetoni za msaada, wadogo huongezeka ghafla. Simlaumu.

Wakubwa husema tungoje amani kwanza. Tumengoja tangu 1984, na katika miaka hiyo ilikuwapo mingi ambayo nusu ya nchi ilikuwa shwari, na bado watu hawakuhesabiwa. Mimi ningeanzia kwa mkuu wa nyumba kumi. Wa kwetu ana kaye lake, yaani daftari, limechakaa kwa jasho na mvua, na humo anajua nani amehamia, nani kafiwa, mpangaji gani ametoroka na kodi. Hakuna ofisi mjini inayoujua mtaa wetu kuliko lile kaye. Liwe na safu tatu tu: umri, jinsia, anasoma au hasomi. Kabila lisiulizwe, wala jina lisitoke mtaani. Kila baada ya miezi mitatu ofisi ya kartie, yaani ya mtaa, ijumlishe na kubandika hesabu ukutani tuikague wenyewe, awe nani anayetawala mji. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuamua mwezi wa Juni mtaa kama Mugunga unahitaji madarasa mangapi Septemba, na walimu wangapi wa kulipwa.