Mbuzi ya Nazi na Hukumu ya Mpishi

Katika nyumba za Umwe, huko Rufiji, kama katika nyumba nyingi za mwambao, kipo chombo ambacho aghalabu hakitazamwi mara mbili, nacho ni mbuzi ya kukunia nazi: mbao mbili zilizopitana mfano wa marufaa ya kuwekea Msahafu, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno, ambao mviringo wake, ijapokuwa huonekana kuwa pambo, umekadiriwa kwa tumbo la kizio cha nazi. Mkunaji huketi juu yake, na uzito wa mwili wake ndio unaokizuia chombo kisiyumbe, hata mikono yote miwili ikawa huru kukizungusha kizio. Na kwa kuwa mbao hukunjika, chombo hutundikwa ukutani, au hupakiwa mtumbwini pamoja na masufuria msimu wa mpunga unapowahamishia watu madunguni. Huko Thailand mbao hizo zilichongwa kwa sura ya sungura, lakini kikao na ulimi ni vile vile, maana tumbo la nazi halibadiliki kwa kuvuka bahari.

Wanaodhani kuwa umbo la chombo hutoka katika akili ya fundi peke yake wamemsahau mpishi. Seremala huchonga na mhunzi hufua, ila ulimi uliozidi urefu hutikisika, kikao kilichozidi ufupi huumiza magoti, na chombo kilichokataliwa jikoni hakipati mnunuzi wa pili. Tazama hukumu hiyo inaposahauliwa: kifumbu cha miyaa, mfuko wa kukamulia tui, kilichuja na kukamua kwa pamoja. Chujio la plastiki lililokirithi huchuja tu, na taabu ya kukamua tui imerudishwa kiganjani.

Sisemi haya kwa kuombolezea ya kale. Mashine ya kukobolea mpunga iliwaondolea wanawake wa Rufiji adha kubwa, na anayeulilia mchi aghalabu ni mtu ambaye hakuwahi kutwanga. Ninachotaka ni kwamba SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, pamoja na vyuo vyetu vya ufundi, kabla ya kutengeneza kwa wingi chombo chochote kipya cha jikoni, wakipeleke kielelezo chake Ikwiriri au Kibiti, wamkabidhi mpishi mwenye shughuli ya watu mia, na wamwachie ruhusa ya kukirudisha.